Nguvu za Paja Hazihesabiwi kwa Kalenda

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kata za Handeni na Korogwe kuhusu kupima urejeaji wa nguvu za misuli baada ya upasuaji wa goti



Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Mkata, Kabuku na Michungwani, ikafika Segera na kugawanyika: tawi moja huelekea Tanga, jingine hupita Korogwe na Mombo kwenda Moshi. Wanaoishi kando ya barabara hiyo hawahitaji kusimuliwa habari za pikipiki na magoti yaliyovunjika. Wengine huumia mbali na lami: kijana aliyegeuka ghafla uwanjani akasikia kitu kinadata ndani ya goti, mkata mkonge aliyeteleza akiwa na mzigo begani, mama wa miaka 65 ambaye gegedu za magoti yake zimelika kwa umri na kazi. Baadhi yao hupewa rufaa kwenda Bombo mjini Tanga, KCMC mjini Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Huko hupasuliwa, hushonwa, na baada ya siku chache hurejea kwa basi wakiwa na magongo mawili na karatasi ya kliniki.

Nyumbani hupokewa kwa furaha na uji wa moto. Kuanzia siku hiyo swali moja hutawala ua mzima: atarudi lini shambani? Jibu hutafutwa kwenye kalenda. Jirani husema miezi mitatu, shemeji husema sita, na mgonjwa mwenyewe husema ataanza pale maumivu yatakapokoma.

Mazungumzo haya yanahusu kosa lililomo ndani ya majibu hayo yote. Goti lililopasuliwa huwa tayari kwa kazi pale misuli inayolishika inapokuwa imerudisha nguvu zake, na nguvu hizo hazionekani kwa macho, hazipimwi kwa kuhesabu miezi, wala hazifuatani na maumivu. Ni lazima zipimwe zenyewe. Jambo la heri ni kwamba zinaweza kupimwa hata mahali pasipo na mashine ya gharama kubwa.

Goti ni bawaba, lakini bawaba isiyo na msumari wa kuishikilia. Mifupa miwili mirefu hukutana pale vichwa kwa vichwa, nayo hushikwa na kano kwa ndani na kwa pembeni, kisha na misuli kwa nje. Mkubwa kuliko yote ni msuli wa mbele ya paja, wenye vichwa vinne, ambao huishika pia ya goti kisha hujikita kwenye mfupa wa ugoko. Msuli huo ndio unaonyoosha goti. Ndio unaomwinua mtu kutoka kwenye kigoda, na ndio unaomzuia asiporomoke anaposhuka. Kazi hii ya tatu husahauliwa mno. Mkazi wa Bungu au Vugiri anaposhuka mlimani na tenga la mboga kichwani, goti lake hupinda kidogo kwa kila hatua, na msuli wa paja huwa breki yake. Ndiyo maana wagonjwa wengi hueleza kwamba kupanda wanaweza, ila kushuka goti linawakatalia. Wamejipima bila kujua.

Sasa, nini hutokea kwa msuli huo baada ya upasuaji? Watu wengi hudhani kwamba hupungua nguvu kwa sababu hukonda, na hukonda kwa sababu haufanyi kazi. Ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya ukweli. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wagonjwa 39 waliowekewa goti bandia. Walipimwa siku chache kabla ya upasuaji, kisha wakapimwa tena karibu mwezi mmoja baadaye. Ukubwa wa msuli wa paja ulikuwa umepungua kwa asilimia 10 tu. Nguvu zake zilikuwa zimepungua kwa asilimia 62.

Tofauti hiyo inastahili kutafakariwa. Kama nguvu zingepotea kwa sababu ya kukonda peke yake, mtu aliyepoteza sehemu moja ya kumi ya nyama ya paja angepoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu. Yeye amepoteza zaidi ya nusu. Nyama ipo, lakini haiitikii wito. Goti lililojeruhiwa na kuvimba hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao hupunguza amri inayokwenda kwenye msuli. Ni sawa na tangi lililojaa maji huku koki ikiwa imefungwa nusu. Majaribio ya kitaalamu yameonyesha kwamba majimaji ya mililita 20 hadi 30 ndani ya goti, yaani kama vijiko viwili vya chakula, yanatosha kuanza kuzima sehemu ya ndani ya msuli huo, hata kwa mtu asiye na jeraha lolote na asiyesikia maumivu.

Kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha kuacha dawa za maumivu, ambaye paja lake kwa macho ya ndugu halijapungua sana, anaweza kuwa na mguu wenye nguvu chini ya nusu. Ndugu humwona mvivu. Humwambia, "Mbona umepona, unaogopa nini?" Naye, kwa aibu, huchukua jembe. Siku chache baadaye goti humwacha kwenye mtaro. Wa upande wa pili naye yupo: yule anayehudumiwa kama yai, haruhusiwi kujisogezea hata kiti, maji huletewa, bafuni hushikwa mkono mpaka mwezi wa nne. Huyu naye goti litamwacha, kwa sababu msuli usioamshwa haujifungulii koki wenyewe. Wote wawili wamekosa kitu kimoja: tarakimu iliyoandikwa mahali, inayoonyesha mguu upo wapi leo na ulikuwa wapi mwezi uliopita.

Kipimo kimoja cha zamani cha nguvu za misuli kina uhusiano na historia ya wilaya hizi. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Robert Lovett na wenzake mjini Boston, Marekani, walihitaji njia ya kujua misuli ipi ya watoto waliougua polio imebaki hai na kwa kiasi gani. Walianza kupima kwa mikono mitupu: mtoto huinua mguu, mpimaji huukandamiza. Wazee wa Handeni wanaokumbuka watoto wa polio waliolelewa Kwamkono wanajua kazi ya namna hiyo ilivyohitaji subira. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliweka madaraja sita ambayo yanatumika hadi leo, kuanzia 0 hadi 5. Sifuri ni msuli usiotikisika kabisa. Moja ni mtetemo unaosikika kwa kidole bila kiungo kusogea. Mbili ni kiungo kusogea pale uzito wa mguu unapokuwa umeondolewa, kwa mfano mgonjwa akilala ubavu. Tatu ni kuinua mguu dhidi ya uzito wake wenyewe. Nne ni kuinua huku mpimaji akikandamiza, lakini kwa nguvu pungufu. Tano ni nguvu kamili.

Mgonjwa anayeona kwenye karatasi yake maandishi "4/5" au "5/5" anapaswa kujua kwamba hayo ndiyo madaraja hayo. Anapaswa pia kujua udhaifu wake. Madaraja hayo yalibuniwa kwa ajili ya misuli iliyopooza, ambako tofauti kati ya 1 na 3 ni habari kubwa. Kwa msuli wa paja wa mkulima, ambao ni miongoni mwa misuli yenye nguvu kubwa kabisa mwilini, mkono wa mpimaji hushindwa mapema. Paja lililorudisha nusu tu ya nguvu zake linaweza kuushinda mkono huo na likaandikiwa tano. Kwa hiyo tano ya mezani si ruhusa ya kubeba gunia la mahindi.

Aliyegeuza tiba ya goti kuwa jambo la kilo na hesabu alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme. Mwaka 1945 hospitali ya jeshi alimofanya kazi, Gardiner mjini Chicago, ilikuwa imejaa askari wenye magoti yaliyojeruhiwa na kupasuliwa, na vitanda havikutosha kwa sababu mazoezi mepesi ya wakati huo yaliwarejesha taratibu mno. DeLorme aliwavalisha kiatu cha chuma na kukiongezea vipande vya uzito. Alitafuta uzito mkubwa kabisa ambao askari angeweza kuuinua kwa kunyoosha goti mara kumi kamili, asiweze mara ya kumi na moja. Uzito huo ulikuwa kipimo chake na dawa yake kwa pamoja. Kila wiki aliutafuta upya. Ukiongezeka, msuli unarudi. Usipoongezeka, kuna jambo la kuchunguza.

Njia ya DeLorme haihitaji Chicago. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, Handeni kama ilivyo kwingineko. Chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Dumu la lita tano likijazwa ni kilo tano, ukiacha uzito mdogo wa dumu lenyewe. Mfuko wa kitambaa wenye chupa, ukifungwa vizuri juu ya kifundo cha mguu kwa mtandio, unatosha kutafuta uzito wa mara kumi, kwa mguu mzima na kwa mguu uliopasuliwa, pale mtaalamu wa fiziotherapia anapokuwa amesema zoezi hilo linaruhusiwa.

Sharti hilo la ruhusa si la kuongezea maneno. Aliyeungwa mfupa, aliyeshonwa kano na aliyewekewa goti bandia hawafanani. Kwa aliyewekewa kano mpya ya katikati ya goti, kano hiyo huwa dhaifu katika miezi ya mwanzo, na kunyoosha mguu mpaka mwisho huku umefungiwa uzito kunaweza kuilegeza. Kwa aliyeungwa pia ya goti iliyovunjika, kukaza paja kwa nguvu zote kabla ya mfupa kushikana ni sawa na kuivuta pia hiyo pande mbili. Daktari aliyepasua ndiye anayejua alichokiunga na kwa nini. Swali la kumwuliza kabla ya kuondoka wodini ni fupi: mguu huu uruhusiwe kubeba uzito kuanzia lini, upinde kiasi gani, na paja lianze kukazwa kwa nguvu wiki ya ngapi? Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, kwa sababu njia ya kutoka Moshi mpaka Korogwe ni zaidi ya kilomita 200 na mambo mengi husahaulika ndani ya basi.

Katika nchi tajiri na katika vituo vikubwa vya utengamao kuna mashine ambayo mgonjwa huketi juu yake, hufungwa mikanda, na hupiga teke taratibu huku kompyuta ikichora nguvu zake. Kuna pia kifaa kidogo cha mkononi kiitwacho dinamomita, ambacho mpimaji hukiweka mbele ya ugoko na kusoma kilo. Vyote viwili ni vizuri, na mgonjwa akikutana navyo asikatae. Lakini ndani ya dinamomita hamna muujiza wowote. Ni mizani. Kila mama aliyepeleka mtoto kliniki ameiona ndugu yake ikining'inia kwenye boriti na mfuko wa kumtia mtoto, na kila mkulima wa mahindi ameiona nyingine mikononi mwa mnunuzi.

Mizani ya kuning'iniza ikifungwa kwa mlalo hupima mvuto badala ya uzito. Mgonjwa huketi kwenye meza imara, mapaja yakiwa juu ya meza na miguu ikining'inia, goti limepinda kama kona ya mlango. Mkanda mpana hufungwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, mizani huunganishwa nyuma ya mkanda, na upande wa pili wa mizani hufungwa kwenye mguu wa meza. Kisha hukaza kana kwamba anataka kunyoosha goti, polepole hadi nguvu zake zote, na kushikilia sekunde tano. Mguu hausogei, mshale wa mizani ndio unaosogea. Hufanya mara tatu, akipumzika katikati, na tarakimu kubwa kuliko zote ndiyo inayoandikwa. Mizani ya kliniki ya watoto, ambayo kwa kawaida huishia kilo 25, haitoshi kwa mtu mzima mwenye afya. Ile ya mazao ya kilo 50 au 100 inafaa zaidi. Mkanda ufungwe mahali palepale kila safari, kwa kuwa ukipandishwa vidole vitatu tu kuelekea goti, tarakimu hubadilika na ulinganisho huwa batili. Kipimo hiki kifanywe kwanza mbele ya mtaalamu, ambaye ataona kama mgonjwa anadanganya kwa kuegemea nyuma au kuinua nyonga.

Baada ya hapo ni hesabu ya darasa la sita. Tuseme mguu mzima umevuta kilo 40 na uliopasuliwa kilo 22. Ishirini na mbili ukigawa kwa arobaini ni asilimia 55. Wataalamu wengi huitazama asilimia 90 kama kizingiti cha chini kabla ya kumruhusu mtu kurudi kwenye michezo na kazi nzito za kukimbia, kuruka na kugeuka ghafla. Aliye kwenye 55 anajua sasa safari iliyobaki, na hakuna shemeji anayeweza kumbishia.

Hapa pana mtego mmoja unaowanasa hata wataalamu. Mguu mzima nao huzembea. Mtu aliyekaa kitandani na kutembelea magongo kwa miezi hupoteza nguvu pande zote mbili. Mguu mzima uliokuwa wa kilo 40 kabla ya upasuaji unaweza kushuka hadi 36. Uliopasuliwa ukifika 32, hesabu itasema asilimia 89, na mgonjwa atashangilia. Lakini 32 kwa 40 ni asilimia 80 tu. Mguu haujakaribia ulikotoka, mwenzake ndiye aliyeteremka kumpokea. Dawa yake ni kupima miguu yote miwili kabla ya upasuaji, inapowezekana, na kuitunza ile tarakimu ya kwanza ya mguu mzima kuwa ndiyo kigawanyo mpaka mwisho. Kwa anayengoja tarehe ya kupasuliwa, ambaye mara nyingi hungoja majuma kadhaa, hakuna sababu ya kutofanya hivyo.

Inafaa kutaja namna ya kamba ya fundi nguo, maana hutumiwa sana. Hupimwa mzunguko wa paja sentimita 10 au 15 juu ya ukingo wa pia ya goti, miguu yote miwili. Hakuna ubaya kuandika kipimo hicho, mradi kieleweke kwamba kinapima unene. Uvimbe hukiongeza, mafuta ya mwilini hukificha, na mfano wa wale wagonjwa 39 umeonyesha jinsi unene na nguvu vinavyoachana. Kamba ikizungushwa katikati ya goti lenyewe ina kazi nyingine iliyo muhimu zaidi: hupima uvimbe. Goti lililoongezeka sentimita moja jioni baada ya kazi linatoa taarifa kwamba kazi ya siku hiyo ilizidi, na kwamba koki imefungwa tena. Kesho yake ni siku ya kupunguza mzigo na kuinua mguu juu ya mto.

Kwa wazee, na hasa waliowekewa goti bandia, kilo za mizani si lazima ziwe mbele. Kwao kuna kipimo cha kiti. Mtu huketi kwenye kiti kisicho na mikono chenye kimo cha karibu sentimita 43, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Hufumbata mikono kifuani, husimama wima kabisa na kuketi tena, na mwenzake huhesabu ni mara ngapi amesimama ndani ya sekunde 30. Kipimo hicho kilienezwa na watafiti wa California mwaka 1999. Katika jedwali linalotumiwa na wengi, mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anayesimama chini ya mara 14 na mwanamke wa umri huo chini ya mara 12 huhesabiwa kuwa chini ya wastani. Kwa wa miaka 70 hadi 74 mipaka ni 12 na 10. Majedwali hayo yalitungwa kwa wazee wa Marekani, kwa hiyo bibi wa Kwamatuku asihukumiwe nayo. Alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kutoka mara nne hadi mara saba ni habari njema, hata kama jedwali limenuna.

Kiti nacho kina hila yake. Aliyepasuliwa goti la kulia hujifunza haraka kusimama kwa mguu wa kushoto, na hesabu hupanda huku mguu mgonjwa ukiwa abiria. Mwangalizi atazame unyayo: mguu unaosukumwa mbele zaidi ndio unaokwepa kazi. Palipo na mizani mbili za kusimamia, kama za zahanati, kila unyayo ukiwekwa kwenye mizani yake ukweli hujitokeza mara moja. Mtu wa kilo 60 anayejidhani amesimama sawasawa huweza kukuta 38 upande mmoja na 22 upande wa pili.

Katika wiki za mwanzo kabisa, kabla ya viti na mizani, kipimo ni kimoja tu, na hufanyika kitandani. Mgonjwa hulala chali, hukaza paja mpaka goti likandamize godoro, kisha huinua kisigino akiwa amelinyoosha goti. Mguu ukiinuka wote kama mpini, msuli umeamka. Kisigino kikichelewa na goti likajikunja kidogo kabla ya kuinuka, msuli bado haujaitika, na mgonjwa huyo asikimbilie kuacha magongo. Familia inaweza kuliona hilo bila chombo chochote. Katika siku hizo hizo familia itazame pia yasiyohusu nguvu: shavu la mguu likivimba na kuuma, jeraha likitoa usaha, homa ikipanda au pumzi ikibana, ni safari ya kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Neno kuhusu kuchua. Mikono ya wachuaji inaheshimiwa katika vijiji vingi, na goti lililokakamaa hupata nafuu ya muda likichuliwa kwa upole kidonda kikiwa kimefunga. Hata hivyo msuli wa paja hauongezeki hata nusu kilo kwa kuchuliwa. Huongezeka kwa kukazwa na mwenyewe. Goti bichi lenye uvimbe likisukwasukwa kwa nguvu huvimba zaidi, na uvimbe, kama ilivyoelezwa, huzima msuli uleule unaotafutwa.

Vijana wa mpira wana mfano wanaoukumbuka. Tarehe 1 Januari 2020, mshambuliaji Wesley wa Aston Villa aliumia kano ya goti katika mechi dhidi ya Burnley. Villa walihitaji mtu wa kuziba nafasi, na kabla ya mwezi huo kwisha walikuwa wamemsajili Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nchi nzima ilimtazama Samatta, kama ilivyostahili. Wachache walimfuatilia Wesley, ambaye alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja, akiwa na madaktari na kila mashine ambayo fedha inaweza kununua. Na huku vijijini kijana aliyepasuliwa goti hutaka kucheza ndondo mwezi wa tano kwa kuwa "halimuumi tena".

Utafiti wa Oslo, Norwe, na Delaware, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuata wanamichezo walioumia kano hiyo na kuwekewa mpya. Kwa kila mwezi mmoja ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi mwezi wa tisa, kiwango cha kuumia tena kilipungua kwa karibu nusu. Wale ambao nguvu za paja zilikuwa zimekaribia kulingana kabla ya kurudi uwanjani nao waliumia kwa uchache zaidi. Kalenda, kumbe, ina nafasi yake: huweka mlango ambao kabla yake mtu asipite. Kuupita baada ya hapo ni kazi ya mizani.

Na kwa asiyecheza mpira? Huyo naye ana mechi zake. Kuchuchumaa chooni, kusujudu au kupiga magoti ibadani, kuketi mkekani na kuinuka bila kushika ukuta, kushuka kutoka Vugiri, kusimama juu ya mguu mmoja wakati wa kuwasha pikipiki kwa teke. Mgonjwa achague matatu kati ya hayo, yale ambayo maisha yake hayawezi kwenda bila hayo, na amweleze mtaalamu siku ya kwanza, ili mazoezi yaelekezwe huko. Aliyewekewa goti bandia aulize mahsusi kuhusu kuchuchumaa na kupiga magoti, maana huenda akashauriwa kutumia choo cha kukaa au kuswali kitini, na ni vyema familia ikajiandaa mapema.

Kikwazo kinachowasumbua wengi ni nauli. Kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia mara mbili kwa wiki kutoka kijiji cha ndani ya Handeni ni ndoto kwa kaya nyingi, na hakuna faida ya kujifanya kwamba si hivyo. Ndiyo sababu daftari lina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Mgonjwa anayefika kliniki mara moja kwa mwezi akiwa na daftari lenye tarakimu za wiki nne humpa mtaalamu picha ambayo dakika 20 za kumtazama haziwezi kutoa. Anayefika mikono mitupu hupimwa upya kuanzia mwanzo, huambiwa aendelee na mazoezi, na hurudi nyumbani bila kujua kama amesonga au amekwama.

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha kwa kila wiki mbili. Juu iandikwe tarehe na wiki ya ngapi tangu upasuaji. Chini yake mzunguko wa goti, asubuhi na jioni, kwa sentimita. Kisha uzito wa mara kumi au kilo za mizani, mguu mzima kwanza na uliopasuliwa baadaye, au idadi ya kusimama kwa sekunde 30. Mstari wa mwisho ubaki kwa jambo moja lililoshindikana wiki zilizopita na sasa limewezekana, au lililowezekana na sasa limekataa. Kipimo kifanywe saa zilezile, mtu akiwa hajatoka kulima, kwenye kiti kilekile na kwa mkanda uleule. Anayehesabu awe mmoja, na mtoto wa darasa la tano anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko watu wazima wengi, kwa sababu hamwonei babu yake haya. Kilo zikigota mahali pamoja kwa kurasa mbili mfululizo, yaani mwezi mzima, hapo ndipo nauli inapostahili kutafutwa hata kabla ya tarehe ya kliniki, na daftari liwe la kwanza kutiwa mkobani.